Samehe tu yaishe: kwa nini ugomvi wa kanisani hauishi

Kanisa la Filipi lilikuwa kanisa zuri, pengine ndo kanisa Paulo alilolipenda kuliko yote, walikuwa wanamtumia misaada hata akiwa kifungoni na barua aliyowaandikia imejaa furaha toka mwanzo mpaka mwisho. Afu unafika sura ya 4 unakutana na hii: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Kina mama wawili wametajwa kwa majina, kwenye barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima, na bila shaka wenyewe wamekaa humo humo ndani wanasikia. Hatuambiwi waligombania nini. Tunaambiwa tu kwamba walikuwa wachapakazi, waliishindania Injili pamoja na Paulo, na kwamba Paulo hakuwaacha wamalizane wenyewe, alimuomba mtu wa tatu awasaidie.

Naanza na hao kina mama kwa sababu kuna imani imejengeka makanisani kwetu kwamba wakristo wakigombana basi kuna mtu hajaokoka vizuri, au maombi yamepungua, au adui kapata mlango. Kwa hiyo ugomvi ukitokea watu wanaona aibu kwanza, na ukishaona aibu unaficha, tunafunika kombe mwanaharamu apite, na matokeo yake ndo haya tunayoyaona kila siku: watu wanaimba sauti moja kwenye kwaya lakini huu mwaka wa pili hawasalimiani, wazee wa kanisa wanakaa kikao wanafunga kwa sala afu kikao chenyewe kinaanza upya pale kwenye parking.

Na ugomvi wa kanisani unauma kuliko wa kazini, hilo tukubaliane. Kazini ukikorofishana na mtu jioni unaenda zako. Kanisani ni pale pale unapobatiza watoto, unapochangiwa harusi, unapozikwa. Wakatoliki wanajua zaidi, maana tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walivyoamua miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndo ziwe msingi wa kanisa Afrika Mashariki, maisha ya muumini yamehamia kwenye nyumba za majirani kumi kumi na kitu wanaokutana kila wiki, na ukitaka sakramenti au shughuli ya msiba mara nyingi wataanza kuuliza jumuiya yako ni ipi na mwenyekiti wako ni nani. Jambo zuri sana hilo, mtu hapotei kwenye umati. Ila ukikosana na mwenyekiti ndo umekosana na jirani yako, na mlango wako wa kanisani, kwa mpigo mmoja.

Sasa hebu tuangalie ugomvi mmoja kwa karibu, na nitachukua kwaya maana ukitaka kujua afya ya usharika angalia kwaya yake. Watu wamechangishana hela ya kurekodi video. Alhamisi kwenye mazoezi, mtu wa sauti ya pili ananyoosha mkono anauliza, "Samahani, ile hela ya studio imebaki shilingi ngapi?" Swali la kawaida kabisa. Lakini mwekahazina anasikia "wewe mwizi", uso unabadilika, anajibu kwa mkato kwamba mahesabu yatasomwa wakati wake. Kimya. Mwalimu wa kwaya anaona hali ya hewa imechafuka anasema jamani tuombe tufunge, muda umeenda. Usiku kwenye group la WhatsApp mwekahazina anatuma mstari wa Mithali kuhusu kinywa cha mpumbavu, hakuandika neno lingine lolote, mmoja anajibu "Amina mtumishi", mwingine anatoka kwenye group bila kuaga. Jumapili yule aliyeuliza anakuta sehemu yake ya kuongoza wimbo kapewa mtu mwingine. Baada ya wiki mbili linahubiriwa neno kuhusu roho ya Kora, Hesabu 16, uasi jangwani, na kila mtu mle ndani anajua dongo linatua wapi.

Ukilifumua hilo sakata unakuta ndani kuna vitu vinne tofauti kabisa vimeviringishwa pamoja. Kuna swali halali la hela ambalo mpaka leo halijajibiwa. Kuna hisia, mwekahazina kajisikia kudhalilishwa mbele za watu na huyu mwingine kajisikia kutengwa. Kuna makosa, yale mafumbo ya kwenye group na kumnyang'anya mtu wimbo kimya kimya ni makosa, tusiyaite majina mengine. Na kuna madaraka, mmoja ana madhabahu ya kusemea na mwenzake hana. Vitu vinne, na vyote tunavipa dawa moja: samehe tu yaishe. Ni sawa na kumpa panado mwenye malaria, aliyevunjika mguu na mwenye njaa afu unashangaa hawaponi.

Tuanze na hisia, maana hapo ndo tumepotoka sana. Tumefundishana kwamba mtu wa Mungu hakasiriki, hana huzuni, hana hofu, na akiulizwa hali anajibu "mzima kwa neema" hata kama usiku hajalala. Wakati Biblia yenyewe inasema "Mwe na hasira, ila msitende dhambi" (Waefeso 4:26), yaani hasira na dhambi zimetenganishwa kwenye sentensi moja, hasira ni taarifa kwamba kuna kitu kimeguswa na dhambi ni kile utakachokifanya nayo. Zaburi ziko 150 na karibu theluthi moja ni maombolezo, mtu analalamika kwa Mungu waziwazi, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hizo ndo zilikuwa nyimbo za ibada, na zimo kwenye kitabu cha sala cha watu wa Mungu mpaka leo. Sisi tumebakiza za shangwe, na mtu aliyefiwa akilia mwezi wa tatu anaambiwa ajitie nguvu.

Na kumeza hisia hakuziui. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha jaribio ambapo watu walionyeshwa filamu ya kuchukiza, ya mtu anakatwa kiungo hospitali, kundi moja wakaambiwa wajizuie kabisa wasionyeshe kitu usoni. Walifanikiwa, nyuso zikatulia. Lakini walipoulizwa walikuwa wamechukizwa vile vile kama wenzao, na mwilini vipimo vya jasho la mikono na mishipa ya vidole vilionyesha wana msukosuko zaidi, sio pungufu. Sasa fikiria mtu anayefanya hivyo kila Jumapili kwa miaka, anatabasamu kwenye amani ya Kristo wakati anayempa mkono ndo yule yule aliyemkosea. Hasira ya namna hiyo inatafuta mlango wa uani, inatokea kama kununa, kama umbea uliovaa nguo za maombi ("jamani tumuombee dada fulani, ndoa yake inapitia magumu, ila msimwambie mtu"), au inamshukia mtoto nyumbani ambaye hakukosa kitu.

Wachungaji na mapadri ndo wanaumia zaidi hapa na hawasemi, maana wanabeba siri za watu wote na za kwao hawana pa kuzipeleka. Eliya alitoka kushinda pale Karmeli, ushindi mkubwa kuliko wote, na sura inayofuata (1 Wafalme 19) yuko jangwani chini ya mretemu anaomba afe. Angalia Mungu alichofanya, kabla ya neno lolote malaika akampa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, mazungumzo yakaja baadaye, na mwishoni kabisa akapewa mtu wa kusaidiana naye, Elisha. Hakukemewa kwa kukosa imani. Kwa hiyo mtu kanisani kwenu akikaa wiki mbili au zaidi hana raha na kitu chochote, halali au analala mchana kutwa, anasema bora asingekuwepo, muombeeni ndiyo, na mpelekeni hospitali, na akitaja habari ya kufa msimwache peke yake hata kidogo. Sonona ni ugonjwa kama kisukari. Hakuna mtu anamtoa mwenye kisukari kwenye uongozi kwa sababu ana roho chafu.

Tuje kwenye makosa. Kila mtu anajua Mathayo 18:15, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Tunaujua ila tunaufanya kinyume, tunaanza na kanisa, tunarudi kwa mashahidi wawili watatu, na mwenyewe mhusika anaambiwa wa mwisho, kwa screenshot. Ule utaratibu una akili sana ukiutazama. Unaanza wawili ili mtu asiaibike, maana aliyeaibishwa hasikilizi, anajitetea. Ukishindikana unaleta wengine, na kazi yao wale ni kuthibitisha maneno yaliyosemwa, sio kukusaidia kushambulia. Ndo kanisa linakuja mwisho. Na sura nzima imezungukwa na huruma, kabla yake kuna kondoo mmoja aliyepotea na baada yake Petro anauliza nisamehe mara ngapi, kwa hiyo lengo muda wote ni kumpata ndugu.

Ila huo mstari nao unatumika vibaya na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Unatumika kunyamazisha. Binti kashikwashikwa na kiongozi, anaambiwa umeenda kwake peke yenu kwanza? Mama anapigwa na mume ambaye ni mzee wa kanisa, anaambiwa asitoe siri za nyumbani, Biblia inasema muelewane wawili. Hapana. Sura hiyo hiyo ya 18, mstari wa 6, Yesu anasema anayewakosesha wadogo hawa ingemfaa afungiwe jiwe kubwa la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Mathayo 18:15 inazungumzia ndugu na ndugu walio sawa, mtu anayeweza kwenda nyumbani kwa mwenzake akaongea na kurudi salama. Mtoto aliyenajisiwa hana cha kupatanishwa na mtu yeyote. Huo ni uhalifu, unaenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na kwa Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa akijua haki za mtoto zinavunjwa, mchungaji ni mwanajamii na mwenyekiti wa jumuiya ni mwanajamii. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya. Kikao cha wazee kinachokaa usiku kumalizana na familia ya mtoto kwa mbuzi na msamaha kinafanya dhambi ya pili juu ya ya kwanza.

Na wakati mwingine jambo sio la watu wawili kabisa. Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, kunatokea manung'uniko, na mbaya zaidi yana harufu ya ukabila, hawa wa lugha hii wanapata na hawa wa lugha ile hawapati. Mitume wangeweza kusema acheni kunung'unika, Israeli walikufa jangwani kwa kunung'unika. Hawakusema. Waliita mkutano, wakakubali tatizo lipo, wakabadilisha mfumo, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgao na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, ina maana inaelekea kazi walikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Mimi hapo huwa nasimama kila nikisoma. Turudi kwa yule mwekahazina, unaweza kumpatanisha na mwenzake mara kumi, wakashikana mikono na kulia, lakini kama kwaya haina kitabu cha mapato na matumizi kinachosomwa kila mwezi na watu wawili wa kusaini wakati wa kutoa hela, watagombana tena tu, wao au wengine. Ushirika mwingi unavunjika kwa kukosa risiti, na tunaendelea kusema ni upendo ndo umepoa.

Afrika Mashariki tuna historia yetu kwenye hili jambo la kusemana ukweli, na ni historia kubwa. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church aliyekuwa anafanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Muganda mmoja anaitwa Simeoni Nsibambi, wakasoma na kuomba pamoja, na miaka ya 1930 ule moto ukatoka Gahini ukaingia Uganda, Kenya, Tanganyika, ndo huo tunauita Uamsho, watu wa Tukutendereza (wimbo wao wa Kiganda, yaani "tunakusifu"). Kitu kilichoshangaza watu ni kwamba walikuwa wanatubu kwa sauti mbele ya wenzao, wanarudisha vitu walivyoiba, mume anamwomba mke msamaha, na hata wazungu wamisionari wanasimama wanaungama dharau yao kwa Waafrika, kwenye enzi ya ukoloni hiyo. Waliita kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Ukiwa na kinyongo na ndugu unaenda kumwambia kabla hamjaomba pamoja. Makanisa mengi ya Anglikana na Kilutheri huku kwetu bado yanakula matunda ya hao wazee.

Lakini na udhaifu wake lazima tuuone, tena kwa uchungu. Kuungama hadharani kukigeuka kuwa kipimo cha kiroho, watu wanaanza kutafuta dhambi za kusema, au mtu anaungama "nilikuwa namchukia dada fulani" na huyo dada ndo anasikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu mia, kapigwa kofi kwa jina la toba. Na kubwa zaidi: Rwanda ile ile iliyozaa Uamsho, mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walipokimbilia, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Sisemi Uamsho ndo ulisababisha, na walikuwepo wakristo waliokufa wakiwaficha wenzao. Nasema watu wanaweza kuzoea kutubu wizi na uzinzi na hasira, wakati chuki ya kikabila inakaa mle mle kanisani kwa miongo kadhaa haijatajwa, kwa sababu ilionekana ni siasa. Mwaka 1996 kikundi cha wakristo Wahutu, Watutsi na wazungu walikutana Detmold, Ujerumani, kila upande ukaungama makosa ya watu wake na kuomba msamaha kwa upande mwingine. Kilichohitajika kilikuwa hicho, kutaja jambo lenyewe kwa jina lake. Na sisi tunayo ya kwetu tusiyoyataja, nani anachaguliwa askofu na kwa nini kila mara ni wa ukoo ule, wa wilaya ile.

Msamaha sasa. Msamaha, kupatana na kuaminiana ni vitu vitatu, na kuvichanganya kumeumiza watu wengi sana. Kusamehe ni mimi kuacha kudai kisasi, naweza kufanya hivyo hata kama mwenzangu hajaomba, hata kama amekufa. Kupatana kunahitaji watu wawili, lazima aliyekosa akubali kosa na atengeneze alichoharibu, Zakayo hakuishia kusema samahani, alisema anarudisha mara nne. Kuaminiana kunachukua muda na kunaangalia matendo. Yusufu ndo mwalimu wangu hapa. Ndugu zake wanafika Misri wanapiga magoti, na moyo wake ulishalainika, Mwanzo 42 anajitenga analia, sura ya 43 anakimbilia chumbani analia tena, ila hajitambulishi. Anawapima kwanza, anataka kujua kama bado ni wale wale wanaoweza kumuuza mdogo wao. Mpaka Yuda anaposema nichukue mimi uwe mtumwa wako umwachie kijana, ndo Yusufu anashindwa kujizuia anajifunua. Kwa hiyo mweka hela aliyekula michango anaweza kusamehewa leo hii, akakumbatiwa na watu wakalia kwa furaha, na asirudishiwe sanduku. Hakuna mgongano wowote hapo, na anayekwambia "kama umesamehe kweli mrudishie" anakudai kitu ambacho Yusufu hakukitoa.

Kwa upande wa kufanya, mambo machache tu ambayo nimeona yanasaidia. Usiongee wakati mwili umewaka. John Gottman, ambaye amechunguza ndoa miaka mingi, anasema mtu akishapandwa na hasira, moyo ukaanza kwenda mbio, anahitaji kama dakika 20 hivi kutulia, na hizo dakika usizitumie kupanga mashambulizi, tembea, kunywa maji, soma hata Zaburi. Afu ongeeni ana kwa ana, sio kwa voice note ya dakika nne. Sema kilichotokea na kilivyokugusa, "Alhamisi uliponijibu vile mbele ya watu nilijisikia mdogo", mwenzako anaweza kulijibu hilo, ila ukimwambia "wewe una kiburi siku zote" unamfunga mlango. Na kabla hujajibu, rudia ulichomsikia akisema mpaka akubali kwamba ndicho alichosema, hapo hapo utashangaa ni mara ngapi mlikuwa mnapigania vitu viwili tofauti. Mkishindwa tafuteni mtu wa tatu ambaye wote mnamwamini, na asiwe mke wa mchungaji kama mgogoro unamhusu mchungaji.

Kuna wakati mnafanya yote na bado hamuelewani. Paulo na Barnaba, watu waliojaa Roho Mtakatifu, walibishana kuhusu Yohana Marko "hata wakatengana" (Matendo 15:39), mmoja akaenda Kipro na mwingine Siria na Kilikia. Luka kaiandika hivyo hivyo bila kuipaka rangi na bila kutuambia nani alikuwa sahihi. Miaka baadaye Paulo anaandika aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi", kwa hiyo kuachana kwao hakukuwa kulaaniana. Mtu anaweza kuhama kanisa na asiwe muasi. Ila ukihama, hama vizuri: nenda kwa mchungaji mwambie mwenyewe na sababu, asisikie kwa watu, kabidhi sare, funguo za stoo na daftari la mahesabu kwa maandishi na mtu ashuhudie, aga wenzako kwenye group ndo utoke. Usifungue group jingine la waliohama. Na wanaobaki wasikuondoe kwenye orodha ya kuchangiwa msiba, ukifiwa waje.